Kabla ya kuuliza gari la zimamoto liko wapi, tuulize ufunguo uko kwa nani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila jengo linapoungua mjini, maswali huwa yaleyale: gari la zimamoto lilichelewa wapi, lilikuja na maji kiasi gani, nani aliziba njia. Ni maswali ya haki na yaendelee kuulizwa. Ila mtu aliye ghorofa ya tatu king'ora kinapolia hatolewi na gari. Hutoka kwa miguu yake katika dakika chache za mwanzo, gari likiwa bado linawashwa kituoni, au hatoki kabisa. Yanayoamua ni mambo yaliyopangwa au kupuuzwa miezi mingi kabla: upana wa mlango, kufuli, taa ya ngazini, mlinzi aliyeambiwa la kufanya.

Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021. Moto ule haukuwaka saa sita mchana katika wiki ya Idi, korido zikiwa zimejaa wateja, wapagazi na akina mama wenye watoto mgongoni. Barua yetu inahusu saa sita hiyo, na inahusu majengo yanayolizunguka soko na mengine ya aina hiyo katika kila mji wetu: maghorofa yenye fremu za biashara chini, stoo katikati, ofisi na gesti juu.

Tuanze na hesabu, maana mpango wa kutoa watu usio na hesabu ni karatasi ya kumridhisha mkaguzi tu. Swali la kwanza ni idadi ya watu. Mwenye jengo akiulizwa hutaja wapangaji: "Nina fremu kumi na sita." Fremu hazikimbii moto. Kinachotakiwa ni eneo la sakafu, ligawanywe kwa nafasi anayochukua mtu mmoja. Miongozo ya Uingereza, ambayo tutaitumia hapa kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi, huweka mita 2 za mraba kwa kila mtu dukani, mita 6 ofisini, mita 1 mgahawani, na mita 0.3 penye watu wa kusimama. Chukua ghorofa ya mita 20 kwa 30. Ni mita za mraba 600. Ondoa ngazi, vyoo na korido, tubaki na 400 za maduka. Hao ni watu 200. Ghorofa tatu za juu za namna hiyo zina watu 600, hata kama mikataba ya pango ni kumi na sita.

Swali la pili ni mlango. Kipimo cha zamani cha Waingereza kinasema uwazi wa sm 53, takriban upana wa mabega ya mtu mmoja, hupitisha watu 40 kwa dakika. Muda wa kuitoa ghorofa moja hadi mahali pa salama uliwekwa kuwa dakika mbili na nusu. Inasimuliwa kwamba muda huo ulitokana na moto wa ukumbi wa maonyesho wa Empire Palace mjini Edinburgh, Mei 1911, ambako hadhira nzima ilitoka wakati bendi ikipiga wimbo wa taifa. Watu 40 mara dakika mbili na nusu ni watu 100 katika sm 53, yaani karibu milimita 5 kwa kila mtu. Ndipo zinapotoka namba anazopaswa kuzijua kila meneja wa jengo: uwazi wa mm 750 kwa watu 60, mm 850 kwa watu 110, mm 1,050 kwa watu 220.

Tumesema uwazi. Mlango unapimwa ukiwa umefunguliwa wote, kuanzia uso wa ubao wake hadi ukingo wa upande wa pili. Ule ambao fundi anauita "wa tisini" hubaki na sm 80 hivi, na ukigonga rafu au kasha la soda kabla ya kufunguka sawasawa, unabaki na chini ya hapo. Kosa tunalolikuta kuliko yote liko kwenye milango ya vipande viwili. Kipande kimoja kimekomewa juu na chini, komeo la juu limepakwa rangi mara tatu na halisogei tena. Mwenye jengo anahesabu sm 160, watu wana sm 80.

Ukishapima milango yote ya ghorofa, futa mmoja, tena ule mpana kuliko yote. Moto lazima uwake mahali fulani, na mahali hapo panaweza kuwa mbele ya mlango huo. Iliyobaki ndiyo iwatoshe watu 200. Sakafu yenye watu zaidi ya 60 haiwezi kutegemea njia moja, na wakizidi 600 zinatakiwa tatu. Milango miwili iliyopakana ukuta kwa ukuta haihesabiwi kuwa njia mbili, kwa sababu moshi mmoja unaifunga yote. Umbali nao una kikomo. Penye upande mmoja tu wa kukimbilia, mtu asitembee zaidi ya mita 18. Penye pande mbili, mita 45. Zinapimwa kwa kufuata njia anayopita mtu, akizunguka kaunta na marobota, wala si kwa rula juu ya ramani.

Sasa ngazi, na hapa ndipo majengo yetu mengi yanapofeli. Ngazi ya mita 1.2 inayohudumia ghorofa tatu kwa pamoja hukadiriwa watu 330, kwa kuwa sehemu yao watakuwa wamesimama juu ya ngazi yenyewe wakishuka. Jengo letu la mfano lina ngazi mbili za kipimo hicho. Zote mbili zikibaki safi, nafasi ni 660 na watu wote 600 wanatoka. Moshi ukiingia ngazi moja, nafasi ni 330, na watu 270 hawana pa kupita ndani ya muda. Ukitaka ngazi moja iwabebe wote inabidi iwe na upana wa mita 2.1. Kwa bei ya viwanja vya Kariakoo, hakuna anayejenga ngazi hiyo.

Miongozo ileile inatoa nafuu. Huhitaji kufuta ngazi moja kwenye hesabu ikiwa kila ngazi imetengwa na sakafu kwa kijichumba chenye milango ya kuzuia moto, mmoja wa kuingilia kijichumba na mwingine wa kuingilia ngazini, yote ikijifunga yenyewe. Kwa maneno ya mfanyabiashara: mlango unaojifunga una thamani ya ngazi nzima. Mlango wa namna hiyo una ubao mzito uliojaribiwa kustahimili moto kwa dakika 30 au 60, bawaba za chuma zisizopungua tatu, mkono wa kujifungia juu, na ukanda mwembamba pembeni ambao joto likiupiga unavimba na kuziba mwanya. Mwanya kati ya ubao na kizingiti hutakiwa uwe kama mm 3. Ukiweza kupitisha kidole, moshi utapita kwa raha zake.

Na milango hii hukutwaje? Imeegemezwa tofali. Mara nyingine imeegemezwa mtungi wa kuzimia moto, ambao kwa hiyo unafanya kila kazi isipokuwa ile ulionunuliwa kuifanya. Kuwafokea wapangaji hakusaidii, maana wana sababu: korido ni joto, na mpagazi mwenye robota kichwani hawezi kuvuta mlango mzito. Dawa ni sumaku ya ukutani inayoushika mlango ukiwa wazi na kuuachia king'ora kinapolia au umeme unapokatika. Kama sumaku ni gharama, weka dirisha la hewa kwenye korido na upange saa za kupandisha mizigo, mtu mmoja akisimama mlangoni hadi mizigo iishe.

Ngazi isiyotengwa ni dohani. Moshi una joto, unapanda, na unakwenda kasi kuliko mtu anayekimbia juu. Unabeba gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajaona mwali wowote. Ndiyo maana tunashangaa nafasi ya chini ya ngazi inapokodishwa: kibanda cha fotokopi chenye marimu ya karatasi, wakala wa miamala ya simu mwenye kochi la sponji, au stoo ya mitungi ya gesi ya mama lishe. Pango la hapo ni dogo kuliko la fremu yoyote ndani ya jengo, na hatari yake inawafikia wapangaji wote. Patolewe kila kitu na pazibwe kwa tofali na lipu.

Jambo dogo ambalo husahauliwa hata kwenye majengo mapya: ngazi inayopita ghorofa ya chini na kuendelea hadi maegesho ya chini ya ardhi. Gizani, watu wanaoshuka kwa kasi hupitiliza mlango wa kutokea na kujikuta kwenye maegesho, wakisukumwa na walio nyuma yao. Tiba yake ni kigeti chepesi cha kiunoni kwenye usawa wa barabara, kinachofunguka kwa kusukumwa na anayepanda kutoka chini, ili anayeteremka akipige kwa mwili na kugeukia mlangoni.

Tumekawia kufika kwenye kufuli, ingawa ndilo lililotupa kichwa cha barua hii. Mnyororo kwenye mlango wa dharura haukuwekwa na mtu mwovu. Umewekwa na mfanyabiashara aliyeibiwa. Ukimwambia "ondoa kufuli" bila kumjibu suala la wizi, ataondoa siku ya ukaguzi na kurudisha kesho yake. Kwa hiyo tumjibu. Kipo kitasa cha kusukuma: nondo ya mlalo upande wa ndani, kiunoni, upana karibu wote wa mlango. Ukiibonyeza kwa mkono, nyonga au mgongo, mlango unafunguka. Upande wa nje hakuna mkono wa kushika, hivyo hauingiliki. Juu yake hufungwa king'ora kidogo cha betri kinachopiga kelele mlango ukifunguliwa, na mwizi anayetoka na suruali tano kwapani anasikika hadi kwa mlinzi. Ongeza kamera moja ikiutazama, na meza ya mlinzi isogezwe hadi anapouona. Mfanyabiashara analindwa, na mtu aliye ndani hahitaji ufunguo.

Kinachopendelewa badala yake ni kisanduku cha kioo chenye ufunguo. Tunakikataa. Kioo kikishavunjwa mara moja hakirudishwi, ufunguo unaazimwa na kupotelea mfukoni mwa mtu, au ndani yake mnakutwa funguo sita kwenye pete moja bila alama. Nusu dakika ya kutafuta ufunguo si kidogo: mlango wa sm 106 ungekuwa umeshapitisha watu 40. Badala yake watu hao 40 wamebanana nyuma ya anayehangaika na kufuli, na kama mlango unafunguka kwa ndani, hata likifunguka hakuna atakayeweza kuuvuta. Mjini Boston mwaka 1942, kwenye klabu ya Cocoanut Grove, mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka ukakwama kwa msongamano, na mingine ilikuwa imefungwa au ilifunguka kwa ndani. Walikufa watu 492. Karibu nasi, katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wanafunzi 67 hawakutoka.

Nondo za madirishani zinahitaji mazungumzo hayohayo ya wizi. Hatusemi ziondolewe zote. Kila chumba cha kulala, gesti au hosteli, kiwe na dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, likae mahali ambapo mkono wa mtu aliye nje haufiki hata akivunja kioo. Fundi wa kuchomelea anaibadilisha grili iliyopo kwa siku moja. Na milango ya kukunja ya fremu, ile ya chuma inayopanda juu: saa za kazi iwe imepandishwa yote na kuzuiwa kwa pini, isiachwe nusu kwa ajili ya kivuli. Ile ya mota haina faida umeme ukikatika, kwa hiyo mnyororo wake wa mkono uwepo na mwenye duka awe ameujaribu.

Mlango wa mwisho, unaotoa watu barabarani, usiwe mwembamba kuliko ngazi inayouleta umati. Nje yake ndipo penye meza za machinga, bodaboda zilizoegeshwa na ndoo za mama ntilie. Kuwafukuza kila asubuhi ni mchezo usio na mwisho. Wenye majengo waliofanikiwa wameweka nguzo fupi za chuma zilizoachana zaidi ya mita moja, wakapaka sakafu mistari ya njano hadi barabarani, wakakubaliana na machinga wenyewe kwamba ndani ya mistari hapawekwi kitu. Machinga naye hununua bidhaa mlemle ndani.

Tuje kwa tabia za watu, kwa sababu milango mizuri haitembei yenyewe. King'ora kikilia, watu hawakimbii. Wanatazamana. Wanamaliza kuhesabu pesa, wanampigia simu mtu wa ghorofa ya chini kuuliza kama ni kweli. Kisha wanaelekea mlango walioingilia, hata kama kuna mwingine mita tano kutoka walipo. Ndivyo ilivyotokea kwenye klabu ya Station, jimbo la Rhode Island huko Marekani, Februari 2003, ambako watu wengi walibanana kwenye mlango mkuu na waliokufa wakawa 100. Kengele peke yake haitoshi, hasa pale inapofanana na ya jenereta au imekuwa ikilia ovyo kila wiki. Sauti ya mtu kwa Kiswahili hufanya kazi kuliko kengele: "Kuna moto ndani ya jengo. Toka sasa kwa ngazi iliyo karibu nawe. Usitumie lifti." Irekodiwe, irudiwe, isiwe na salamu wala "wateja wetu wapendwa".

Mfanyabiashara wa fremu ana sababu ya ziada ya kubaki. Anajua kwamba vurugu ikianza, mali itaibwa, hivyo anateremsha mlango wa chuma, anafunga kufuli mbili, na wakati mwingine mfanyakazi yuko stoo ya nyuma bado. Mpango usiojibu hofu hiyo utavunjika siku ya kwanza. Uandikwe, na usomwe kwenye kikao cha wapangaji, kwamba king'ora kikilia walinzi wawili wanashika mageti, watu wanatoka, hakuna anayeingia hadi Jeshi la Zimamoto liruhusu. Mpangaji akiamini hilo, ataiacha fremu. Kanuni kwake ni moja: mlango urudishwe, usifungwe kwa kufuli.

Kila ghorofa iwe na msimamizi na naibu, wenye vizibao vya rangi kali vilivyotundikwa mahali panapofikika bila ufunguo. Kazi yao ni kupita, si kupambana na moto. Wanaanza pembe ya mbali na ngazi, wanarudi kuelekea ngazi, wakifungua vyoo, stoo, chumba cha swala na jiko, wakiita kwa sauti, wakirudisha milango nyuma yao. Chagua wawili wasio na ratiba moja. Ijumaa saa saba mchana msimamizi na naibu wakiwa wote msikitini, ghorofa haina mtu. Wakifika chini wanatoa taarifa kwa mtu mmoja tu, aliye getini: "Ghorofa ya pili, wametoka wote," au "ya pili, vyoo vya wanaume sikuweza kuvifikia, moshi." Kuita majina kunafaa kwa wafanyakazi. Kwa wateja hakuna orodha, kwa hiyo upekuzi huu ndio ushahidi pekee mlio nao.

Pa kukusanyikia pasiwe chini ya jengo lenye vioo, pasiwe kituo cha mafuta, pasizibe njia ya magari ya zimamoto. Katika mitaa myembamba hakuna uwanja, hivyo afikiwe jirani mwenye ua: shule, msikiti, kanisa. Makubaliano yafanyike sasa, kwa maandishi.

Asiyeweza kushuka ngazi asiachiwe ahadi ya "tutambeba". Kwenye kila kituo cha ngazi iliyotengwa iachwe nafasi ya sm 90 kwa 140, kiti cha magurudumu kikae bila kuzuia wanaoshuka, na wawepo watu wawili walioandikwa na waliokwisha kufanya mazoezi ya kiti maalumu cha kuteremshia. Lifti haitumiki: umeme ukikatwa inasimama kati ya ghorofa, na shimo lake linapitisha moshi.

Umeme wenyewe utakatwa, na fundi au na moto, na jenereta itazimwa pamoja nao. Taa za dharura ziwe za betri zake zenyewe, zidumu saa 3. Kila mwezi katisha umeme wa taa hizo kwa muda mfupi uone zipi zinawaka. Mara moja kwa mwaka ziache zikae saa zote 3. Kwenye joto la pwani betri huchoka mapema, na taa inayowaka vizuri kwa dakika tano huweza kuzimika kabla ya ishirini, jambo ambalo jaribio fupi halilioni. Bango la ramani nalo litazamwe: kushoto kwenye mchoro kuwe kushoto kwa anayelisoma. Tumekuta ramani moja imechapwa nakala nane na kubandikwa kuta zote, nusu yake zikimwelekeza mtu kinyume.

Kumbi za harusi tutazitaja kwa ufupi. Mapazia ya mapambo hufunika mlango wa dharura na alama yake ya kijani, na jukwaa la maharusi huegemezwa papo hapo kwa sababu ndio ukuta usio na madirisha. Mpambaji apewe mchoro wa sehemu asizogusa kabla hajalipwa malipo ya kwanza.

Kuhusu mazoezi. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka zoezi la moto angalau mara moja kila miezi 12. Sisi tungesema mara mbili kwa jengo la biashara, maana wauzaji hubadilika. Zoezi la Ijumaa saa kumi jioni, lililotangazwa wiki nzima, ambalo watu wanaunganisha na safari ya nyumbani, halipimi kitu. Fanya saa yenye wateja. Mtu asimame kwenye ngazi moja na kipande cha boksi kilichoandikwa MOTO, asimpitishe yeyote. Wajulishe Jeshi la Zimamoto mapema ili simu ya mpita njia isilete magari bure.

Kisha shika saa na uandike nyakati tatu: mtu wa kwanza alitoka lini baada ya king'ora, wa mwisho alitoka lini kila ghorofa, na msimamizi wa mwisho alitoa taarifa lini. Namba hizo zinasema. Wa kwanza akichelewa, tatizo ni king'ora au wapangaji wasioamini. Wa kwanza akiwahi lakini wa mwisho akikawia, na foleni ikaonekana mahali fulani, hapo ndipo penye upana mdogo. Rudi na futi uupime. Watu wakitoka upesi na taarifa ikachelewa, wasimamizi wana eneo kubwa mno au funguo za vyoo hawana.

Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na mkaguzi anaweza kuja. Anakuja siku moja. Mnyororo una siku nyingine zote za mwaka, kwa hiyo meneja apite mwenyewe kila asubuhi kabla ya kufungua, asukume kila mlango wa dharura hadi aone barabara, atie sahihi kwenye daftari.

La mwisho ni simu ya 114. Moto ukitokea kwenye jengo lenye watu 600, kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga. Aandikwe mtu mmoja kwa cheo, mfano mlinzi wa getini wa zamu, na wa akiba. Karatasi iliyobandikwa juu ya meza yake iwe na maneno ya kusoma: mtaa na alama ya karibu, ghorofa inayowaka, kinachoungua, kama kuna watu ndani, geti lipi liko wazi kwa gari kubwa; na asikate simu yeye kwanza. Kwenye droo ya meza hiyo zikae nakala mbili za ramani ya kila ghorofa, alama ya ilipo swichi kuu ya umeme na mitungi ya gesi, na funguo za paa na chumba cha jenereta, kila mmoja na kibandiko chake. Gari likifika, ofisa wa kwanza kushuka atauliza mambo mawili: moto uko wapi, na nani hajatoka. Huyo mlinzi ndiye wa kumjibu.

Wakaguzi wa usalama wa moto katika majengo,
Dar es Salaam